Bei Haijatulia

Vumbi la Makambako halina haraka. Lori likipita linaamka, linajinyoosha, linakaa hewani kadiri linavyopenda, halafu linashuka polepole juu ya kila kilichopo: juu ya magunia ya mahindi, juu ya kofia za wasafiri, juu ya mabati ishirini na manne ya nyumba ya Anania. Na chini ya mabati hayo, nje, barazani, linamshukia mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi ameupa mlango kisogo. Jina lake Elieza. Nyumba hiyo ni yake. Ndani hajawahi kuingia.

Usimcheke bado, msomaji. Ngoja kwanza ujue ameipataje.

Anania alikuwa mtoto wake wa kiume wa pekee. Alichukuliwa vitani, akapelekwa Bama kupigana na Wajapani, akafundishwa kuendesha lori kwenye matope ya huko, akarudi mzima, miguu yote miwili, macho yote mawili. Kwa fedha alizowekewa jeshini akafyatua matofali, akayachoma, akajenga Makambako, mahali ambapo barabara ya Njombe inakutana na barabara kuu. Akaoa binti wa Wanging'ombe, Esteria. Akapata kazi ya kuendesha lori la mahindi. Wakakaa pamoja miezi kumi na mmoja. Halafu siku moja, mchana kweupe, lori lile likamshinda kwenye mteremko wa Kitonga. Bama ilimrudisha. Kitonga haikumrudisha, au tuseme ilimrudisha ndani ya turubai.

Wakamzika juu ya Njombe, kwao, asubuhi ya ukungu, na ukungu ule ulikuwa mzito hata wanakwaya wakawa wanaimba bila kuonana. Elieza alitupa udongo kama wengine. Alishika mikono ya watu. Aliuliza kama kuni zinatosha. Alikula alipopewa chakula, na akakumbuka kushukuru. Alingoja uchungu uje, kama mtu anavyomngojea mgeni aliyetuma salamu kwamba yuko njiani. Mgeni hakufika. Moyo wake haukusema kitu.

Hapa duniani tumezoea mtoto amrithi baba. Elieza alirithi kwa mtoto, na hapakuwa na mtu wa kumfundisha urithi wa namna hiyo unapokelewa kwa mkono upi.

Ukoo ukakaa. Wazee wakasema maneno machache, maana jambo lenyewe lilikuwa dogo. Nyumba ya Makambako ni ya Elieza. Iuzwe. Ikishauzwa, mjane apewe fungu lake, aagwe rasmi mbele ya ndugu wa pande zote mbili, awe huru kurudi kwao au kuolewa na amtakaye. Hakuachiwa mtoto, na ndugu wa kumrithi hayupo, na hata angekuwapo Kanisa lisingekubali. Kabla ya kuagwa ni mke wa Anania. Alale nyumbani kwa Anania, afagie uwanja wa Anania, ajibu kwa jina la Anania. Mchungaji akasali, watu wakasema amina, kukabaki neno moja tu la kuamuliwa, nalo aliachiwa Elieza: lini.

Neno hilo moja likachukua miaka miwili.

*

Sasa kuhusu ule mlango. Katika ukoo wa Elieza, baba mkwe na mke wa mwanawe hufichana. Hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Na nyumba ambamo mkwe anapika na kulala, baba mkwe haikanyagi, hata mvua ya mawe ikimkuta mlangoni. Si chuki, wala si dharau. Ni heshima iliyopita kiasi, heshima mpaka mnapoteana. Mchungaji alikwishasema madhabahuni kwamba hayo ni mambo ya zamani, kwamba katika Kristo hakuna kufichana. Elieza aliitikia kwa kichwa kanisani. Jumapili hiyohiyo, Esteria akiwa amekuja Njombe kusalimia, alimwona kwa mbali anakuja na mtungi, akaingia kwenye majani.

Kwa hiyo kila mwezi, mwenye nyumba alipanda lori kwenda kuiangalia nyumba yake kwa nje. Alishuka njia panda, akajipangusa, akakohoa mara moja kumjulisha aliye ndani. Akakaa kwenye benchi la barazani, kisogo mlangoni, uso barabarani. Baada ya muda alisikia kigoda kikisukumwa sakafuni. Akingoja kidogo kisha akigeuka, alikuta ugali, maharage, maji ya kunawa, na mlango umerudishwa. Alimjua mkwe wake kwa vidole tu, vidole vyembamba vyenye unga kwenye kucha, vikivuta mlango. Alikula. Alitazama vumbi linavyokaa hewani. Alipomaliza alisema, akiiambia barabara:

"Bei haijatulia."

Nyuma ya mlango hakuna aliyejibu. Ndivyo heshima inavyotaka.

*

Na kusema haki, bei kweli haikuwa imetulia. Hilo tusimnyang'anye.

Mnunuzi wa kwanza, na wa mwisho, alikuwa Hilari. Huyu ni mfanyabiashara wa mahindi, Mkatoliki wa kule kwa mapadri, mtu wa tumbo kubwa na maneno ya taratibu. Mwezi uleule wa msiba alimfuata Elieza, akavua kofia, akatoa pole, akataja bei nzuri ya kununua nyumba nzima, maana chumba cha mbele kingemfaa duka. Elieza alikuwa karibu kusema ndiyo. Ulimi ulikwisha kujikunja kuisema.

Wiki hiyo wakaja wapimaji. Walikuja na miti yao ya miguu mitatu, wakachungulia, wakapiga vigingi vyeupe kwenye majani, wakaondoka bila kumweleza mtu. Kufika jioni, Makambako nzima ilikuwa na reli. Reli kutoka Pwani mpaka Rodesia! Stesheni hapa, bohari pale, Wahindi watakuja, hoteli itakuja. Watu ambao hawajawahi kuona garimoshi waliligombania kama waliliacha jana. "Mzee, ukiuza sasa umejikata mguu," walimwambia. "Ngoja. Utauza mara tatu ya hapo."

Hilari mwenyewe akaongeza.

"Bei haijatulia," akasema Elieza.

Kisha wapimaji wakarudi, wakang'oa vigingi, wakavipiga upande mwingine wa kilima. Sasa ikasemekana reli itapita mbali. Wengine wakasema hapana, itapita katikati ya nyumba hasa, na Serikali italipa. Wengine wakasema Serikali haitalipa, maana ardhi si yenu. Hilari akapunguza.

"Bei haijatulia," akasema Elieza.

Akaenda Boma, Njombe. Karani akamtazama juu ya miwani, akamwambia ardhi ni ya Serikali, yeye anachouza ni kuta, milango na mabati tu. "Na ukitaka ushauri wangu, mzee, nyumba ni mabati. Vita vilikula chuma chote, bati jipya huoni dukani. Uza leo." Akaenda kwa mwenye duka mjini, huyo akamwambia meli imeondoka Ulaya imejaa mabati, bei itaanguka, au pengine meli haijaondoka, ndiyo hivyo. Akamwuliza Yoeli, dereva wa lori alilozoea kupanda. Yoeli akasema ngoja mpaka pareto iuzwe, watu watakuwa na fedha. Akamwuliza mchungaji. Mchungaji akasema tuombe.

Aliyakusanya mashauri yote hayo, akayabeba kama mtu aliyetumwa kuni, na kila mzigo ulipokaribia kutosha aliona kijiti kimoja kimebaki.

Huyuhuyu, tena, ni mkulima ambaye hajawahi kumwuliza mtu siku. Miwati yake, miti ile ya magamba ya kuuza, aliijua kwa kupiga kucha kwenye shina: gamba likiachia, anaanza kuchuna. Viazi alivijua kwa rangi ya majani. Ulezi aliujua kwa kuutia mdomoni. Lakini nyumba haina majani ya kukauka. Inakaa tu pale na mabati yake, haikuambii kitu.

Mvua zikaja, zikaondoka. Vigingi vikahamishwa tena. Mbegu ikaingia, mavuno yakatoka. Elieza akapanda lori, akashuka, akakohoa, akala, akasema maneno yake, akarudi. Moyo wake haukusema kitu. Hakuwa na huzuni, hakuwa na furaha. Mikono ilifanya kazi, miguu ilikwenda, na katikati palikuwa na baridi kama ya chumba kisichowashwa moto. Alizoea. Mtu huzoea hata kutosikia.

Kitu kimoja tu alikipenda katika miezi hiyo, na alikipenda bila kujua. Palepale Njombe, akiwa amenyanyua mguu kupanda lori, Yoeli alimwuliza kila mara, "Mzee, leo tunakwenda wapi?"

"Kwa Anania," Elieza alimjibu.

Na hilo halikuwa uongo. Nyumba ilikuwa bado ya Anania kwa jina, na bado ilikuwa pale. Mtu mwenye nyumba huenda ametoka kidogo.

*

Wa kwanza kuchoka alikuwa Efraimu, baba mdogo wa Esteria. Alikuja kutoka Wanging'ombe na kuku mkononi na swali kifuani. Alikaribishwa, akapewa togwa, wakasalimiana mpaka salamu zikaisha.

"Binti yetu ataagwa lini?" akauliza.

"Nyumba ikishauzwa."

"Na nyumba itauzwa lini?"

"Bei ikitulia."

Efraimu alizungusha kibuyu mikononi. Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba yuko fundi seremala wa Mahongole, Filbert, mtu wa heshima, aliyefiwa na mke. Fundi huyo amekwishatuma posa mara mbili. Mara mbili amejibiwa kwamba Esteria bado ni mke wa mtu. "Mara ya tatu hatatuma, mzazi mwenzangu. Fundi anahitaji mtu wa kumpikia uji sasa, hahitaji wa mwaka kesho kutwa. Na binti yetu ana miaka ishirini na mitatu. Haipungui."

Elieza alielewa kila neno. Angeweza kuyarudia yote kwa mpangilio. Alimsindikiza mgeni mpaka kwenye kijito, akamtakia safari njema, akasimama pale akitazama maji yanavyopita. Alijua kuna mtu amefungwa na kwamba ufunguo uko mfukoni mwake. Alilijua jambo hilo kama unavyojua kwamba leo ni Jumanne. Akarudi kuchuna miwati.

Miezi mitatu mingine ikapita hivyo.

Tabea, mke wake, alikuwa ametulia muda wote huo. Yeye alimlilia mwanawe siku saba kwa sauti na mwaka mzima bila sauti, akiwa shambani, akiwa kisimani, akiwa anakoroga chungu, na sasa alikuwa akipumua tena kama watu. Siku moja mchana, anachambua maharage uani, alimsikia mumewe akihesabu tena mashauri yake: karani kasema hivi, Yoeli kasema vile, mwenye duka kasema hivi na vile.

"Umemwuliza Esteria?" akasema Tabea.

Elieza akashangaa. "Mkwe anaulizwaje?"

"Kwa mdomo, Elieza. Kama unavyomwuliza karani."

Elieza akacheka kidogo kwa pua, maana alidhani ni utani. Tabea hakucheka. Aliendelea na maharage yake, mazima huku, mabovu kule, na yule mzee akabaki amesimama, akijaribu kukumbuka kama katika miaka miwili, kati ya watu wote aliowauliza, wa Boma na wa duka na wa barabarani na wa kanisani, alipata kumwuliza yule mmoja anayelala ndani ya ile nyumba.

*

Alikwenda. Alishuka njia panda, akajipangusa, akakohoa. Akakaa. Kigoda kikasukumwa. Hakugusa chakula.

"Kamwene," akasalimia, akiiambia barabara.

Kwa mbali ndani akaitikiwa, "Kamwene, baba."

"Mwanangu, nataka kukuuliza." Akavua kofia, akaiweka magotini. "Nimewauliza watu wengi. Sasa nakuuliza wewe. Unaona niiuze lini hii nyumba?"

Lori likapita kuelekea Iringa, vumbi likaamka, likakaa, likashuka. Alisikia kifuniko cha chungu kikiwekwa chini, taratibu, na hatua mbili za miguu mitupu zikisogea mpaka karibu kabisa na mlango.

"Jana, baba," ikasema sauti.

Hakuwa ameisikia sauti hiyo ikisema hata maneno manne mfululizo. Ilikuwa nzito kuliko vidole vile.

"Jana, na juzi, na mwaka jana. Kila mwezi nasikia lori, nasikia unakohoa, nasema leo. Nafunga nguo zangu. Unakula, unasema bei haijatulia, unaondoka. Nafungua nguo zangu, nazirudisha kwenye misumari. Mara ishirini na kitu nimefunga na kufungua, baba."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemea wapi? Wewe ni mkwe wangu. Nilidhani unajua."

Elieza alishika ukingo wa benchi. Kitu kilimchoma usoni, akadhani ni jua, kumbe ni aibu. Ilikuwa muda mrefu hajasikia kitu chochote, hata aibu akaipokea kama mtu anayekumbuka ladha ya chumvi.

Sauti ikaendelea, sasa polepole, kama mtu anayevuka mto anaogopa kuteleza. "Nisamehe nikikosa adabu. Mimi Anania nimemlilia humu ndani. Nimemlilia mpaka nikammaliza. Wewe unakuja kukaa naye huko nje. Sikulaumu, baba. Ila mimi ndiye ninayefagia."

Elieza alikaa mpaka ugali ukapoa kabisa. Kisha akala wote, kwa sababu ulipikwa, akanawa, akainuka. Safari hii hakusema kitu kuhusu bei.

*

Hilari alikuwa dukani kwake akipima mahindi. Alipomwona mzee akaweka pishi chini, akajiandaa kwa mazungumzo marefu kama kawaida yao.

"Mzee Elieza, nikwambie ukweli mapema," akasema. "Mambo ya reli yamelala. Vigingi vyenyewe watu wamevifanya kuni. Kuta sizihitaji tena, nimejenga pale karibu na barabara. Nitachukua mabati na milango. Na mabati nayo, meli imekuja, unajua mwenyewe. Siwezi kukupa kiasi kile cha zamani, wala nusu yake."

"Chukua."

Hilari akajipangusa vumbi la mahindi mikononi. "Hujaniuliza kiasi gani."

"Kiasi gani?"

Hilari akataja.

"Chukua," akasema Elieza.

Basi yule mtu wa tumbo kubwa, aliyebishana na wauzaji maisha yake yote, akajikuta hana wa kubishana naye, akaona haya. Akaongeza mwenyewe kidogo. Akaongeza tena. Akaagiza chai.

Efraimu aliitwa, akafika siku ya tatu pamoja na ndugu wawili, na mzee wa kanisa wa Makambako akasimama kama shahidi. Hawakuwa wengi. Walisimama uwanjani mbele ya baraza. Elieza alitoa fungu la mjane, akalitoa kubwa kuliko ukoo ulivyosema, na maneno yatakuja kusemwa Njombe kuhusu hilo, acha yasemwe. Halafu ilimbidi aseme neno la kuaga, na neno la kuaga halisemwi kwa kisogo.

Akainua macho.

Alikuwa msichana tu. Ana mwanya kati ya meno ya mbele na kovu dogo la moto kidevuni. Naye akainua macho. Miaka mitatu alikuwa mkwe wake, na ndiyo mara ya kwanza anamwona uso. Elieza akawaza: uso huu ndio Anania alikuwa akiuona akiamka. Wazo hilo likampiga mahali ambapo hapakupigwa na chochote muda mrefu.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Umefagia vya kutosha. Nyumba ya mwanangu imekuachia."

Esteria akapiga magoti, akainuka, akachukua mzigo wake. Ulikuwa umefungwa tangu siku ile ya swali, haukufunguliwa tena. Akapanda gari la ng'ombe pamoja na baba yake mdogo, wakaelekea Wanging'ombe, na kabla ya bonde kuwameza alitazama nyuma mara moja, akapunga mkono kama anavyompungia mtu wa kawaida.

*

Mchana wakaja watu wa Hilari na ngazi. Wakapanda, wakaanza kung'oa misumari. Kila msumari ulipiga kelele. Bati la kwanza likashushwa, la pili, la tano, na mwanga ukaanza kuingia katika nyumba ile kutoka juu, vipande vipande, kisha kwa wingi, mpaka lilipotoka la mwisho na milango ikabebwa. Zikabaki kuta nne za matofali na kuta mbili za katikati, na anga.

Elieza alisimama pale palipokuwa na mlango. Hakuna mkwe ndani. Hakuna paa. Hakuna tena cha kumzuia, akanyanyua mguu, akaingia nyumbani kwa mwanawe.

Ni vyumba vitatu. Alivitembelea vyote bila kugusa kitu. Sakafu ilikuwa imefagiwa na kupigwa udongo upya, hata siku ya kuondoka. Misumari ya nguo ilikuwa ukutani imepangwa mstari mmoja. Kuta zilipakwa chokaa nyeupe na mtu asiyejua kupaka vizuri, brashi imepita huku na huku. Ni Anania huyo, hakujua kupaka, tangu utotoni alikuwa hamalizi pembe. Katika chumba cha mbele palikuwa na kiti cha matofali kimejengwa pamoja na ukuta, upande wa kupotea jua. Na juu ya kiti hicho, kwenye chokaa, palikuwa na doa.

Doa la mviringo, la manjano linaloelekea weusi. Kubwa kama kichwa cha mtu, na kwa urefu ule ambao kichwa cha mtu mrefu hufika akikaa na kuegemea. Mafuta ya nywele, jasho, grisi ya lori. Miezi kumi na mmoja ya jioni zote alizorudi kutoka kazini amechoka, akakaa hapa, akaegemeza kichwa chake pale pale. Esteria alifagia kila kitu katika nyumba hii miaka miwili. Hilo hakulifuta.

Elieza akaweka kiganja juu ya doa. Ukuta ulikuwa wa vuguvugu kwa jua.

Akasubiri, na mkono wake ukisubiri naye, kichwa kije kiegemee. Jua likasogea kidogo. Watu wa Hilari wakapakia mabati wakaondoka. Hakuna kichwa kilichokuja. Hakitakuja leo, wala mwezi ujao akipanda lori, wala reli ikija, wala bei ikipanda kufika mbinguni. Akaondoa mkono, akautazama. Ulikuwa na mafuta kidogo.

*

Alifika Njombe kesho yake saa nne za asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashina ya miwati. Alimkuta Tabea shambani anachimba viazi, ameinama, kanga imelowa umande.

"Umeuza?" akauliza Tabea bila kuinuka.

"Nimeuza."

"Kwa bei nzuri?"

"Kwa ndogo. Esteria ameagwa."

"Afadhali," akasema Tabea, akashindilia jembe.

Elieza alibaki amesimama kati ya matuta na kofia mkononi. Tabea akainua kichwa.

"Tabea," akasema. "Anania amekufa."

Tabea hakumwambia kwamba anajua. Hakumwambia kwamba wamemzika miaka miwili iliyopita, na kwamba kaburi linaonekana kutoka pale waliposimama, ukungu ukiondoka. Aliweka jembe chini kama linavyowekwa mtu anapoletewa habari.

"Nani kakuambia?" akauliza, kwa upole kabisa.

"Nimeingia ndani," akasema Elieza. "Hayumo."

Na hapo ndipo uchungu ulipofika, umechelewa, umechoka na safari. Elieza alikaa kwenye tuta, juu ya majani ya viazi, akalia kwa sauti kubwa, sauti ya mtu mzima ambayo haijui kulia, inatoka kwa kukwaruza. Tabea akakaa karibu naye, akamshika mkono wenye mafuta, akaanza kulia upya, tangu mwanzo, ili asilie peke yake.

Jeni, jirani yao wa shamba la chini, alisikia kilio. Akapanda mbio kwenye ukungu na kapu la viazi kichwani, akihema, akijua ni msiba mpya. Akawakuta wamekaa chini.

"Mungu wangu! Nani amefariki?"

"Anania wetu," akasema Tabea.

Jeni alikuwapo siku ile ya mazishi, ndiye aliyepika uji wa wachimba kaburi. Akamtazama Tabea. Akamtazama yule mzee. Kisha akalitua kapu, akavua kanga ya kichwani akajifunga kiunoni kama wafanyavyo wanawake wakiingia msibani, akakaa nao chini.

"Poleni," akasema. "Amefariki lini?"

"Jana," akasema Elieza.